Shemsa wa Televisheni na Uji wa Tamim

Kila Ijumaa baada ya magharibi, Kiembe Samaki nzima ilikuwa ikimtazama Shemsa akiua watu.

Mwaka wenyewe ni tisini na tisa. Mabrouk, mtunzi wa michezo ya kuigiza, alikuwa kaibuka na tamthilia yake ya *Nyumba ya Bi Rukia*, na huyo Bi Rukia ndiye Shemsa. Mke wa karani, nyumba yake ya matofali nje ya mji, watoto wawili, kuku saba, na nyuma ya nyumba shamba la muhogo ulionawiri kuliko wa mtaa mzima. Ulinawiri kwa sababu Bi Rukia akizika humo kila aliyemkera: jirani mmbea, mwanamke aliyetaka kuletwa mke wa pili, hata mwalimu aliyemchapa mwanawe. Hakupiga mtu wala hakutukana. Aliwapikia. Mgeni akishashika kijiko, Bi Rukia hukaza kanga yake kiunoni, akatabasamu, akasema: "Umalize, mwanangu, usiache kitu." Basi watu wakicheka hadi wakishika mbavu.

"Nimekuchukua wewe kwa tabasamu lako," Mabrouk alimwambia. "Una uso wa mama anayegawa halua hitmani. Nani atakudhania?"

Lo! Walimdhania wote. Shemsa wa kweli alikuwa mtu wa kuchoma mkate wa kumimina, na mikate yake ilikuwa ikiagizwa mpaka Mji Mkongwe. Tamthilia ilipofika mwezi wa tatu, wateja wakaanza udhuru. Huyu sukari imempanda, yule mtoto wake hali tena mkate. Watoto wa mtaani wakimwona anapita na kapu, wanapiga kelele, "Umalize, mwanangu!" kisha wanakimbia, tena wanakimbia kweli, si kwa mchezo. Jamani, watu wazima na akili zao wanaogopa mkate kwa sababu ya televisheni!

Shemsa angeliacha, lau si mumewe. Tamim alikuwa fundi wa vespa pale Darajani, mtu wa maneno mengi na mikono ya grisi, na hakuna aliyeipenda tamthilia ile kumshinda yeye. "Mie nnalala na muuaji," akiwatambia mafundi wenzake, "na angalieni nnavyonenepa!" Chakula cha mkewe akikila mpaka kuramba vidole. Kwa Shemsa hiyo ilitosha. Dunia nzima na iogope, maadamu Tamim anakula.

Ijumaa moja Bi Rukia akampikia shemeji yake mchuzi wa pweza. Shemeji akazikwa baina ya mihogo miwili. Jumamosi asubuhi, Tamim akatapika damu.

Shemsa alimpeleka hospitali na taksi, kanga kaivaa kinyume. Daktari hakuchukua muda. Fundi huyu alikuwa akiumwa na mgongo kwa kuinamia vespa, na kwa miezi alikuwa akitafuna vidonge vya maumivu kama njugu, mara nyingi tumbo tupu. Vidonda vya tumbo, basi. Akatundikiwa dripu, akaambiwa asisogezwe. Siku ya tatu daktari akasema aletewe uji mwepesi kutoka nyumbani.

Shemsa akapika uji wa mchele, akaupoza kwa maziwa, akautia kwenye hotpoti. Alipofika wodini, akawakuta mama mkwe wake Bi Wanu na wifi yake Mwanapili, wameshafika kutoka Kizimkazi, wamekaa ukingoni mwa kitanda huku na huku mithili ya askari wa zamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Wanu aliitika, lakini macho yake yalikuwa kwenye hotpoti. Kijijini kwao televisheni ilikuwa moja tu, dukani, na Bi Wanu alikuwa kakaa mstari wa mbele siku ya pweza.

"Nini hicho?" akauliza Mwanapili.

"Uji. Daktari kasema."

"Lete."

Mwanapili akachota vijiko viwili, akavimimina kwenye kifuniko, akakiweka chini karibu na mlango. Palikuwa na paka wa hospitali, mweusi, kakonda, akizunguka miguuni mwa wagonjwa. Akaja, akanusa, akaramba mpaka kifuniko kikang'aa. Wodi nzima ya wanaume ikawa inamtazama paka. Mgonjwa mmoja aliyefungwa plasta mguu mzima alijiinua kitandani ili aone vizuri. Shemsa alisimama pale uso unamwaka kwa aibu.

"Tungoje mpaka kesho," akasema Bi Wanu. Siku hiyo Tamim alikunywa maji ya dripu tu. Alikuwa kalala kwa dawa, hakuona kitu.

Kesho yake Shemsa alirudi na uji mpya. Paka hayupo.

"Kafa!" Mwanapili akapiga yowe. "Si nlisema? Kafa!"

"Mwanapili, paka hana kazi ya kukaa hapa siku nzima akikungoja wewe," Shemsa akamjibu.

"Basi yuko wapi?"

Hapo Bi Wanu akatamka lililomleta. Walikuwa wameshakodi gari, ipo nje. Wanamchukua mtoto wao, wanampeleka Kizimkazi, kuna mtu anajua kumtoa mtu sumu tumboni kwa kumtapisha. Kumtapisha! Mtu ana vidonda vinavuja damu! Daktari aliitwa, akaja mbio. Akasema kwa sauti ya chini ambayo wote waliisikia: "Mkimtia kwenye gari kwa njia ile yenye mashimo, mkamtapisha, mtamzika. Lakini mimi siwezi kumfunga kamba. Mwenye kuamua ni yeye."

Tamim alikuwa macho, mdomo mkavu, hajui aanzie wapi. "Nipeni dakika," alisema.

Dakika hizo Shemsa hakuzikaa. Alitoka mbio. Akapita nyuma ya jiko la hospitali, kwenye mapipa ya taka, kainama, buibui linafagia chini, anaita, "Pusi! Pusi, pusi!" Wauguzi wawili walimjua. "Si Bi Rukia yule?" mmoja alinong'ona. "Anatafuta nini kwenye taka?" Shemsa aliwasikia, na wala hakujali. Akilini mwake lilikuwa jambo moja tu: akimpata paka, Tamim hatoki, asipompata, Tamim atakufa njiani, na yeye ataitwa muuaji mpaka siku ya kiama, na mara hii bila kamera.

Akamwona nyuma ya magunia, mweusi, kakonda, anapambana na kichwa cha samaki. Shemsa akamrukia. Paka akamparura mkono toka kiwiko hadi kiganja, naye Shemsa hakumwachia. Akaingia naye wodini damu zinamtiririka, buibui limekaa upande, akamnyanyua juu paka anayelia na kurusha mateke.

"Haya! Huyu hapa! Mzima kuliko sisi sote!"

Bi Wanu akamtazama paka. Akamtazama kwa makini, mbele na nyuma.

"Siye," akasema. "Yule wa jana alikuwa na doa jeupe shingoni."

"Mama! Doa gani?"

"Dogo."

Yule mgonjwa wa plasta akasema kwa maoni yake doa alikuwa nalo, ila mguuni. Mwingine akasema yule wa jana alikuwa jike. Wodi ikagawanyika. Shemsa akamwachia paka, naye akatoweka kupitia dirishani. Na hapo ndipo machozi yalipomtoka, mbele ya watu wote, hata hakujifuta.

"Tamim," akasema Bi Wanu, "nimekuzaa mimi. Unakwenda au unabaki?"

Tamim alifumba macho.

"Nabaki, mama. Niwie radhi."

Mwanapili alisonya. Bi Wanu akasimama, akajifunika vizuri, akatoka bila ya kuaga, na Mwanapili nyuma yake. Shemsa akakaa kitandani. Alihimidi kimoyomoyo. Kabaki! Kamchagua yeye!

Akafungua hotpoti. Uji bado ulikuwa na uvuguvugu. Akachota, akapuliza, akakipeleka kijiko mdomoni mwa mumewe. Mdomo haukufunguka. Tamim alikitazama kijiko, akamtazama yeye, akarudi kwenye kijiko.

"Onja wewe kwanza," alisema polepole. "Ili wakiniuliza, niwaambie."

Shemsa alimtazama hadi Tamim akageuzia uso ukutani. Kisha akaonja. Akameza. Akangoja. Akachota tena, na mara hii Tamim akafungua mdomo, akanywa uji wote.

Alipona. Wiki tatu baadaye alikuwa nyumbani, na mkewe akamwekea wali laini na samaki. Tamim akanyoosha mkono. Shemsa akaivuta sahani kwake, akakata tonge, akatafuna, akameza, akamrudishia.

"Shemsa, nshakuomba radhi."

"Nshasikia. Kula."

Tamthilia ilikwisha mwaka uliofuata, Mabrouk alipohamia Dar es Salaam. Wateja wa mikate walirudi mmoja mmoja, kama hawakuwahi kuondoka. Hata Bi Wanu, alipougua mwaka wa elfu mbili na nne, aliletwa kwa Shemsa, akalishwa uji wake miezi miwili na hakuuliza habari ya paka.

Lakini sahani ya Tamim, mchana na usiku, hata futari mbele ya wageni, Shemsa akionja yeye kwanza. Wageni wakisema, tazameni mapenzi hayo. Tamim alikuwa akiweka mikono mapajani, akingoja mkewe ameze.