Mstari wa Majivu wa Restituta Hyera

Alhamisi, tarehe 9 Machi 2000, Restituta Hyera, mkulima wa Ukata mwenye umri wa miaka hamsini na mbili, alianguka kwenye kizingiti cha jiko lake. Kadi yake ya hospitali imeandika hivyo. Haikuandika kwamba pua ilitoka damu tangu saa tatu asubuhi hadi jua lilipozama, wala kwamba khanga tatu ziliharibika.

Ana saratani ya damu. Iligunduliwa Dar es Salaam mwaka uliotangulia, akarudi nyumbani na vidonge na onyo: damu yake haigandi upesi, asijiumize. Ndugu walilishika onyo hilo kwa namna yao. Kwa miezi minne hakuruhusiwa kugusa jembe, ndoo wala mwiko. Wifi yake, Tadea, alimwogesha na kumbeba mgongoni hadi chooni. Mgonjwa akionekana anahangaika mwenyewe, majirani husema hana watu. Siku aliyoanguka alikuwa ameinuka tu kwenda kuangalia moto.

"Kilichokuangusha si damu, mama, ni kitanda," aliambiwa na Othmar, mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali ya misheni alikolazwa siku sita. "Miguu imeisha nguvu. Ukianguka tena ukagonga kichwa, sijui kama tutawahi."

Alimfundisha mambo matatu: kuketi polepole na kuinuka bila kushika kitu, kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kutembea kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mbele kikigusa vidole vya nyuma. Mstari wa hospitalini ulichorwa kwa chaki juu ya saruji. Mstari wa nyumbani utatoka wapi, hakuna aliyeuliza.

Sakafu ya Restituta ni udongo wenye mabonde. Kilichonyooka pale kwao ni tuta la ngoro. Kwenye miteremko ya Umatengo wanaume hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari, wanawake huyafukia kwa udongo, shamba likabaki mashimo ya mraba yaliyotenganishwa na matuta. Restituta amechimba ngoro tangu ana miaka tisa. Jumamosi, tarehe 25 Machi, ukungu ukiwa bado haujainuka, alitoka peke yake, akaacha fimbo yake ya kutembelea mlangoni, akapanda juu ya tuta.

Hatua ya sita, udongo ulizama chini ya kisigino. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Kulia shimo, kushoto shimo, yote yamejaa maji, na ndani ya maji kuna mabua ya mahindi yaliyokatwa mshazari. Kugeuka hawezi. Anasema alifikiria khanga zilizobaki sandukuni. Zilikuwa mbili.

Tadea alimkuta hivyo.

"Wifi! Umechoka kubebwa na mimi, sasa unataka kubebwa na jeneza?"

"Usinichekeshe, wifi. Naanguka."

"Nakuja nikushike."

"Baki hapo! Tuta halituwezi wawili, na wewe ndiye unayemaliza uji wangu."

Tadea alisimama, mikono kichwani. Restituta alitazama mbele, akakunja magoti taratibu kama alivyofundishwa, akijihesabia kwa sauti. Alipofika nane makalio yaligusa udongo. Akajisogeza kinyumenyume, kidogo kidogo, miguu ikining'inia mashimoni, hadi kwenye njia ngumu. Pale Tadea aliinama ambebe.

"Niache. Huku ndiko kuinuka kwenyewe."

Alijaribu mara mbili, ya tatu akainuka. Hakuvuja damu. Lakini usiku na mchana, anasema, bado anahisi udongo ukizama, na kuna asubuhi Tadea humkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekishika kwa mikono miwili, hataki kushuka.

Tadea hambebi tena. Alichota majivu jikoni akachora mstari ndani ya nyumba, kando ya ukuta, hatua kumi na moja. Kila asubuhi huuchora upya.

Jumatatu, tarehe 10 Aprili, Othmar atamkalisha Restituta kwenye kiti na kumtaka ainuke mara tano bila kushika kitu. Akishindwa, atalazwa tena hospitalini. Wataondoka Ukata saa kumi na mbili asubuhi, Restituta mbele na fimbo yake, Tadea hatua moja nyuma.