Batoto Banalala

Shughuli nzima ilinigharimu pauni kumi na mbili na peni arobaini: maikrofoni ya kubana kwenye kola, niliyoibishania bei dukani mtaa wa Kings Heath mpaka muuzaji akaniuliza kama nina mama, na nauli ya basi hadi Nechells, kwa Mama. Nimehesabu mara mbili. Sauti ya Mama haimo humo.

Mama huyu si mzazi wangu. Ni jirani ya shangazi yangu, Mkongo wa Kivu. Miaka ile kampuni moja kubwa ya teknolojia, ambayo spika yake inayozungumza ilikuwa imeshaingia nyumba nyingi za mtaa, ilinunua sauti za Kiswahili ili kuifundisha mashine. Unasoma sentensi, unalipwa kwa sentensi. Mimi, Msomali wa Eastleigh, nikaona biashara. Mama aliona jingine. Wajukuu wake waliiuliza spika habari kwa Kiingereza, nayo ikawasomea. Alitaka siku moja aiulize habari za kwao kwa mdomo wake mwenyewe, bila mjukuu katikati.

Kampuni haikutaka mwangwi. Tukamkalisha ndani ya kabati la nguo, kati ya makoti ya baridi. Nje malori ya maghala yalirudi nyuma yakilia. Mimi nilikaa kitandani nikisikiliza kabati likizungumza, sauti ikipenya kwenye sufu kama mvuke wa chai, nusura nisinzie.

Karatasi ilisema: Watoto wamelala, zima taa. Kabati likasema, "Batoto banalala, zima taa."

"Mama, soma kama ilivyoandikwa."

"Papa," akaniita, kama Wakongo wanavyomwita mwanamume kwa heshima, "njo vile ninasoma."

"Watoto. Wa."

"Ba kwako ni watoto. Ba kwangu ni batoto, na banalala muzuri kupita ba kwako."

Nikacheka, nikatuma sentensi zake pamoja na zangu. Baada ya wiki jibu likaja. Zangu zimepokelewa. Zake zimekataliwa zote: si Kiswahili.

Nilimpelekea habari hiyo mwenyewe. Alikuwa akimenya viazi, na kisu kikasimama.

"Bon, sawa," akasema. "Barudishe."

"Warudishe nini?"

"Sauti yangu. Sokoni ukikataa nyanya, unaiacha kwa meza. Hauibebe."

Nimebishana bei na watu wa kila namna. Hii ya nyanya niliichukua ilivyo. Niliiandikia kampuni irudishe sauti. Ikanijibu mashine, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, ikinishukuru.

Tangu hapo, nikipita mtaa wa Acocks Green jioni na madirisha yameanza kuwaka, huliona akilini jengo refu la baridi lisilo na mtu, la mashine za kuhifadhia sauti, vitaa vya kijani vikipepesa, na mle ndani Mama bado yumo kabatini, akiwaambia watu wasiokuwepo kwamba batoto banalala. Hakuna anayezima taa.

Kila tukikutana ananinyooshea kiganja. "Papa, bado?"

"Bado, Mama."

Basi wewe unayejua mambo haya, nishauri: kitu walichokikataa, kisha wakabaki nacho, nikakidai mlango gani?