Ihramu Kwenye Mji wa Plasta

Ahadi ya umra madam alinipa huku anapakwa rangi ya kucha. Nilikuwa nimemaliza Idi ya tatu nyumbani kwake Riyadh bila likizo, na siku hiyo nikajipa moyo nikamwambia: mimi ni binti wa Kiislamu kutoka Kisauni, Mombasa, naishi nchi yenye Makka na Makka yenyewe naiona kwenye televisheni tu, kama mtu aliyeko Ulaya. Akacheka bila kuinua macho. Akasema mwisho wa wiki familia inakwenda kustarehe Jeddah, na kutoka Jeddah hadi Makka ni karibu kabisa. Siku tutakayofika, watoto wakishalala, gari litanipeleka, na asubuhi nitakuwa nimerudi. "Halas, nimekuahidi," akasema, akapuliza kucha zake.

Ahadi ni deni, husema watu wa kwetu. Madam alikuwa na madeni ya aina hiyo nyumba nzima, na mimi nikajifanya sijui.

Nikampigia mama. Mama hatafika Makka. Magoti yake hayamfikishi hata msikiti wa mtaani. Tangu nikiwa mdogo akisema kwamba mimi nikifika, yeye kafika. Alilia kidogo, kisha akafanya anachofanya kila akifurahi: akatoka nje akawaambia majirani. Kabla sijamaliza kupanga sanduku la watoto, simu yangu ilikuwa imejaa sauti za watu. Mmoja anataka niombee apate mtoto, mwingine mumewe aache miraa, mwingine kesi yake ya shamba la Kikambala. Nilizisikiliza zote huku nakunja vigauni, nikicheka peke yangu jikoni.

Kwa asiyejua, umra huanza kabla hujafika Makka. Kuna mpaka unaoitwa mikati, na ukiuvuka kwa nia ya umra lazima uwe umehirimia. Ukishatia nia, uko ndani ya ihramu, na ihramu ina miiko yake. Hujitii manukato. Hukati kucha wala unywele. Huwindi, hata ndege humtishi. Na hutoki mpaka uione Al-Kaaba, utufu kwa kuizunguka mara saba, usai kwa kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa, ukate nywele kidogo. Mwanamume huvaa shuka mbili nyeupe na kila mtu akajua yuko katika ibada. Mwanamke hubaki na buibui lake, kwa hiyo mimi nilionekana mtumishi yuleyule wa jana.

Kwenye ndege rubani akatangaza kwamba mikati imekaribia. Baba, yaani mume wa madam, alikuwa na jinzi yake na ndevu zake zilizochongwa, anatazama filamu. Wao walishakwenda umra mara nyingi, hii ilikuwa safari ya raha. Madam alikuwa amelala. Nyuma yao, katikati ya mabinti wao pacha wa miaka minne, nikatia nia, nikaanza kunong'ona Labbayka, itikio la mahujaji. Machozi yakanitoka. Pacha mmoja akanyanyua tishu yake anifute, nikamkwepa kwa sababu ilikuwa ya marashi. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile katika nchi ile.

Jeddah tulipokewa na dereva wa kaka yake madam, Mkamba wa Machakos, Mkristo, mtu wa maneno machache. Aliposikia Kiswahili changu akatabasamu hadi gego la mwisho likaonekana. Hoteli ilikuwa ufukweni. Mlangoni wamesimamisha chetezo kikubwa cha udi, moshi unamwingia kila apitaye, na mimi nikapita nimeziba pua kwa kiganja kama anayepita dampo. Nikawalaza watoto, nikatia udhu, nikakaa kwenye ukingo wa kitanda na mkoba wangu. Madam akachungulia.

"Bado hujalala?"

"Namsubiri dereva, madam. Nimeshahirimia."

"Nani alikuambia uhirimie?" Akacheka kama nimemwambia nimevaa viatu kinyume. "Dereva amechoka. Kesho, inshallah."

Kesho ilikuwa Ijumaa. Asubuhi akasema Ijumaa Makka watu ni wengi, nitakanyagwa, afadhali jioni. Nikasema sawa. Tukaingia garini, na hapo ndipo nikajua raha waliyoifuata ilikuwa ipi.

Walikuwa wamejenga mji wa Kiitaliano. Nasema walikuwa wamejenga, kwa maana ulikuwa wa msimu tu, utabomolewa, nyumba zake za plasta na mbao zimepakwa rangi zionekane za kale, hata nyufa zimechorwa kwa brashi. Katikati wamechimba mfereji wakautia maji ya buluu yenye klorini, na juu yake kuna mashua nyembamba nyeusi. Mpiga kasia alikuwa kijana wa Kibangladeshi, amevishwa fulana ya mistari na kofia ya majani, anaimba Kiitaliano asichokijua kutoka kwenye spika iliyofichwa miguuni mwake. Jasho linamtiririka. Watu wanampiga picha. Mimi nilitazama upande ule ambao dereva aliniambia ndiko Makka, nikaona ukuta wa plasta wenye dirisha la kuchora, na kwenye dirisha paka wa kuchora. Kinyaa kilinianza hapo.

Tulizunguka maduka ya mji ule mpaka miguu yangu ikavimba. Mabegi kumi hivi mkononi, pacha mmoja mgongoni, na madam mbele akinusa ngozi za mikoba kama mtu anayechagua samaki. Kisha tukaingia duka la manukato. Nilitaka kubaki nje, akaniita. Mikono yake yote miwili, kuanzia vidole hadi viwiko, ilikuwa imeshajaa harufu, hajui tena ipi ni ipi. Akaniambia, "Lete mkono."

Nikauficha ndani ya buibui. "Madam, siwezi. Niko ihramu."

"Ni tone tu."

"Hata tone, madam. Tafadhali."

Muuzaji, msichana wa Kisaudia, akasita na chupa yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba kama dada yuko ihramu basi haifai. Madam akaona haya mbele yake, na mtu wa aina ile akiona haya hutafuta wa kumlipiza. Akaichukua chupa akanipulizia mwenyewe, kifuani na kwenye mtandio, puu, puu, puu, akacheka. "Sasa angalau hunuki vitunguu," akasema.

Nilimwachia mtoto na mabegi sakafuni nikakimbilia chooni. Nililowesha mtandio, nikalowesha buibui, nikajisugua shingo kwa maji matupu, maana hata sabuni yao ilikuwa ya waridi. Jambo lisilo kwa hiari yako halihesabiwi dhambi, hilo nalijua tangu madrasa, lakini harufu ile haikuwa na habari na madrasa. Iling'ang'ania. Ilikuwa tamu, nzito, kama ndizi iliyooza ndani ya sukari. Nikatapika kwenye sinki lao la marumaru, na sikulisafisha. Wajijue wenyewe.

Jioni nilikaa garini na dereva na watoto, wazazi wao wamebaki kupanda mashua, Makka hakuna aliyeitaja. Nikamweleza yote. Hakujua ihramu ni nini, lakini alisikiliza mpaka mwisho, ndilo jambo ambalo wenye dini yangu hawakuwa wamelifanya.

"Sista, mimi ningekupeleka hata saa hii," akasema. "Lakini unajua kwa ile barabara kuna signboard. Muslims only. Mimi mwisho wangu ni hapo, wakinishika napelekwa home straight. Lakini naweza kukuwacha hapo kwa checkpoint, upande taxi."

"Na hawa watoto?"

Tukawatazama kwenye kioo. Wamelala, midomo imejaa aiskrimu.

"Hao ndio shida," akasema.

Ndio walikuwa shida, wao na ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, iliyokuwa kwenye mkoba wa madam. Ningeondoka, angeripoti nimetoroka, na aliyeripotiwa ametoroka hakamatwi kwa upole nchi ile. Nilimshukuru ndugu yangu yule Mkamba. Akaniwashia redio akaizima tena, hakujua afanye nini.

Jumamosi, siku ya mwisho, walikula chakula cha mchana kwenye uwanja wa mji wao ule. Sitaki kuwasingizia, watu wana haki ya kula. Lakini ulikuwa ulaji wa kutia aibu. Mpishi alileta jibini kubwa kama kigoda, akalimwagia pombe isiyo pombe, akalichoma kwa mwali wa gesi, akavuruga tambi ndani yake, na watu wote wakainua simu. Wakala vijiko viwili vitatu, sahani zikaondolewa. Ikaja keki yenye karatasi ya dhahabu juu, dhahabu ya kuliwa, na madam akaila dhahabu ile akafumba macho. Mimi nilikuwa meza ya pembeni na watoto. Nikaletewa makombo yao ya wali wa zafarani, na zafarani ni manukato, kwetu wanaihesabu katika miiko. Nikala mkate.

Na njiwa. Uwanjani walileta njiwa weupe wa kukodi, kwa ajili ya picha. Madam akasimama na wanawe katikati, akaniita. "Wakimbize waruke juu, yalla!"

Nikasema siwezi kumfukuza njiwa.

Akaniuliza, "Wewe unaweza nini leo?"

Baba ndiye aliyewakimbiza, kwa viatu vyake vya Kiitaliano, anapiga makofi. Simu yangu ikatetemeka. Ilikuwa sauti ya mama: "Mwanangu, umeshaiona? Usiniambie kwa simu, nitalia barabarani. We niambie tu umeiona." Sikumjibu.

Safari ya uwanja wa ndege tuliianza saa kumi. Nilisubiri mpaka nikaona kibao cha uwanja, nikasema kutoka kiti cha nyuma, kwa Kiarabu changu cha jikoni: "Baba, mimi bado niko ihramu. Siwezi kurudi Riyadh."

Madam akasema umra haikimbii, mwaka ujao inshallah. Lakini baba alielewa, nami niliona shingo yake imeelewa. Alisoma dini huyu, aliponihoji kwa kazi alinisomea aya. Akatoa simu, akabonyeza, akabonyeza tena. Kisha akageuka na uso wa mtu aliyetatua jambo.

"Nimekununulia kondoo. Aliyezuiwa asifike huchinja, akakata nywele, akatoka kwenye ihramu. Watachinja leo leo, watagawa nyama. Halas. Kata nywele kidogo."

Madam akafungua kipochi chake cha kucha, akanipa mkasi mdogo wa dhahabu, bila hata kugeuka. Mfuko wa manukato ulikuwa miguuni pake. Wikiendi nzima walikuwa wamenunua na sasa walikuwa wameinunua na ihramu yangu. Dereva alinitazama kwenye kioo.

"Sikuzuiwa mimi," nikasema. "Hakuna adui, hakuna maradhi, hakuna mafuriko." Nikauweka mkasi kwenye kiti, nikarudi Riyadh nywele zangu zikiwa kamili.

Nilikaa ihramu jikoni kwao. Nilipika, nilifua, niliogesha watoto kwa glavu ili sabuni yao ya marashi isinishike, nikakataa kuchemsha kahawa ya zafarani, nikakataa kufukiza udi. Kucha zikaanza kuota na uchafu wa vitunguu. Madam alisema ninamfanyia kiburi, nami sikubishana naye, maana kiburi kilikuwamo. Kila jioni nilimsimamia baba mlangoni: "Baba, niko ihramu. Mwogope Mungu." Kila jioni alisema inshallah akapanda ngazi. Mama akaacha kutuma sauti, na hilo liliniuma kuliko yote, maana mama yangu hanyamazi isipokuwa amejua.

Alhamisi baba alikuwa na wageni sebuleni, wanaume wa kazini kwake na mzee mmoja wa ndevu nyeupe, mjomba wake. Nikaingia na sinia la tende. Sikuliweka chini.

"Baba," nikasema, "nilihirimia umra Alhamisi iliyopita kwa ahadi ya nyumba hii, na bado niko ihramu. Nakuomba neno moja tu. Siku nikiulizwa na Mungu nani alinizuia, nitaje jina la nani?"

Mzee akaweka kikombe chake chini, taratibu, akamtazama mpwa wake.

"Nenda," baba akasema. Uso umemwiva. "Nenda sasa hivi. Chukua ikama yako. Nani amekuzuia? Nenda!"

Jina la Mungu nilikuwa nimemtajia kila jioni juma zima na hakuinua hata nyusi. Alichokisikia ni kikombe cha mgeni kikigusa meza. Nilimpa sinia mkononi, nikachukua ikama yangu kwa madam, nikapanda teksi hadi Batha, kwenye mabasi ya mahujaji, na sikumwambia asante.