Mita Tisa za Efraimu

Saa moja asubuhi, Mektrida amepiga magoti ukingoni mwa Mto Kisambo, Old Moshi, akipalilia mche wa mkuyu. Vidole vimekufa ganzi; udongo umelowa maji ya baridi yanayotoka juu msituni. Mwanamke aliyejitwika majani ya ng'ombe anapita njiani na kupaza sauti.

"Mama Sitini! Leo unampima nani?"

"Nakupima wewe, Doris. Umenenepa mpaka umeingia mtoni!"

Wanacheka. Doris akishapotea kwenye migomba, Mektrida anarudi kwenye mche wake.

Jina hilo alilipata mwaka juzi, serikali ilipotoa ruzuku ya kuutunza mto huu na maporomoko yake kwa ushirikiano na vijiji jirani. Sharti lilikuwa hili: mita sitini kutoka ukingoni pasilimwe, ipandwe miti ya asili. Kamati ya mto ikamchagua Mektrida, mjane wa miaka 58, awe mlinzi na mpimaji kwa shilingi 150,000 kwa mwezi.

Alianzia kwao. "Ningeanza kwa majirani, wangesema nawakingia kifua ndugu zangu."

Kwao ni kihamba, shamba la ukoo, alichokiacha baba yao, ambacho sasa ni cha kaka yake, Efraimu. Ulikuwa mwezi wa tano, masika yamekolea, mto umefura. Mektrida alianzisha kamba pale maji yalipofika, akapima, akachomeka vigingi. Migomba thelathini na minane ya mshare ikaangukia ndani ya mstari. Efraimu hakubisha. Alichukua panga akaikata mwenyewe.

Septemba maji yakapungua, ukingo wenyewe ukaonekana. Mektrida akapima upya, peke yake. Mstari ulikuwa umezidi mita tisa, na migomba yote iliyokatwa ilikuwa kwenye mita hizo tisa. Huko chini zilikuwa nyasi tu.

"Ningenyamaza, nani angejua? Ila mimi nilijua."

Aliiambia kamati, kisha akaenda kwa kaka yake. Efraimu, mwenye miaka 67, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Umepima maji, Mektrida," akamwambia. "Hukupima mto."

Hajamsemesha tena.

"Tulizaliwa sita, tumebaki wawili," anasema Mektrida. "Nikimwamkia shikamoo njiani, anaitikia kwa kichwa, kama mtu asiyenijua."

Kwa Wachagga, anayeomba radhi hupeleka jani la sale, na aliyepelekewa hawezi kukataa. Mektrida amelipeleka Krismasi mbili, ukoo mzima ukiwa umerudi nyumbani. Mara zote Efraimu alimwona dada yake akishika njia ya kwake, akatoka kwa mlango wa nyuma.

"Hajalikataa," anasema, akifuta matope kwenye kanga. "Anakwepa lisimkute. Hayo ni mambo mawili."

Kamati imeamua vigingi vishushwe mita tisa awamu hii ya ruzuku itakapokwisha, mwishoni mwa Desemba. Nyuma ya jiko lake, Mektrida ameotesha machipukizi thelathini na manane ya mshare. Atayapanda mwenyewe, anasema, hata kama kaka yake atabaki ndani amefunga madirisha.

Na Krismasi?

Anang'oa gugu pembeni ya mche.

"Mwaka huu nitamtuma mwanangu Kindness apite mlango wa mbele. Mimi nitamsubiri kaka mlango wa nyuma."