Jina la Pili katika Kurasa za Maji

Mwalimu Oliva alivunjika kifundo cha mkono wa kulia siku bodaboda iliyokuwa ikimpeleka Chiungutwa ilipoteleza mchangani. Mfupa uliunga, ila vidole viligoma. Chaki aliihamishia mkono wa kushoto, na wanafunzi wakauzoea mwandiko wake mpya, uliolala kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Kilichomshinda ni kompyuta.

Kwa miaka kadhaa alikuwa akikusanya masimulizi ya kina mama wa Mnyambe, kijiji alikozaliwa: jinsi walivyoteremka bondeni kufuata maji, enzi ambazo kijijini, huko juu, hakukuwa na bomba. Kazi ilishapita kurasa mia tatu. Kuipitia kwa mausi, tena kwa kushoto, kulimchosha. Akitafuta habari moja anaipita, anarudi, anaipita tena. Mwishowe akawa haifungui kabisa.

Aliyemtoa hapo ni Justina, mhazili wa shule, mwenyeji wa Bukoba. Alimkuta ofisini akiikodolea macho skrini bila kuigusa. Hakumpa pole, alichomoa mausi akaitia kabatini, akamwambia ashike kitufe cha Ctrl na kubonyeza End. Ukatokea ukurasa wa mwisho. Ctrl na Home, ukatokea wa kwanza. Ctrl na F, aandike neno analolitaka, naye atapelekwa lilipo. Oliva alikosea sana, na mara moja alifuta sura nzima. Justina akamwonyesha Ctrl na Z, sura ikarudi, wakaendelea. Mikorosho ilipoanza kuchanua, vidole vya kushoto vilishaijua njia.

Likizo ilipofika alikwenda Mnyambe, kompyuta begani. Bibi Siti, mmoja wa wasimulizi wake, alimpokea barazani. Baada ya shikamoo na marahaba, bibi, akimwita kwa jina la mwanawe kama kawaida, akasema kuna neno limemkaa moyoni.

"Mama Christopher, nilikueleza habari za dada yangu aliyeanguka na mtungi kule mtelemkoni. Umemwandikaje?"

Oliva akatafuta "mtungi". Mitungi ilikuwa mingi. Akabonyeza Enter, akaruka kutoka mmoja hadi mwingine, mpaka akafika. Akasoma: dada wa msimulizi aliteleza alfajiri moja, na nyumbani hakurudi tena.

Bibi Siti akamzuia kwa mkono.

"Dada wa msimulizi si jina," akasema. "Aliitwa Pili. Siku ile lilinikwama kooni. Leo limetoka, liandike."

Oliva akaliandika papo hapo, herufi moja moja. Kisha akarudi mwanzo wa kazi, akatafuta kila palipoandikwa "dada wa msimulizi". Akakuta mahali pengine pawili, napo akamweka Pili. Bibi akaomba asomewe tena, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni. Huko alikuwako binti yake, Ziada, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye maisha yake yote hakuwahi kuambiwa kuwa mama yake alikuwa na dada.

Ziada akatoka na mikono yenye unga, akaketi mkekani bila kuuliza kitu. Bibi Siti akamgeukia, akaanza kumweleza Pili alivyokuwa: mrefu, mwenye kucheka ovyo, hodari wa kusuka ukili wa mikeka. Mambo hayo hakuna aliyekuwa ameyaandika. Oliva akabonyeza Ctrl na Enter, akapata ukurasa mpya, akaanza kuandika.