Pasi ya Baba Ayub

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, kijijini kwetu nje kidogo ya Mukumu, masizi ya koroboi yalikuwa kama sehemu ya sare ya shule. Ulimjua aliyesoma jana kwa kumtazama tu matundu ya pua. Nyinyi wa rika langu mnanielewa. Hawa wa siku hizi, simu ikibakiza chaji kidogo, wanaona dunia imefika mwisho.

Kisha wazazi wetu wakaamua kujitengenezea stima kutokana na kijito kilichoshuka bondeni. Hawakungoja mtu. Kila Jumamosi walichimba mtaro wa kupeleka maji kwenye mtambo, wanaume kwa majembe, akina mama na karai za udongo vichwani, sisi watoto tukibeba mawe na kusukumana njia nzima. Mchana tulikula mushenye wa viazi na maharagwe juu ya majani ya migomba, vidole vikinuka tope. Aliyeisimamia kazi ni Senge Rasoa, dada yake baba, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya bonde.

"Hii maji imetembeanga bure tangu wakati wa babu zenu," alituambia. "Sasa nayo ifanye kazi kidogo."

Ikafanya. Jioni balbu zilipowaka mara ya kwanza, kumbikumbi walifika kabla ya majirani. Tuliwaokota chini ya taa, tukawala mbawa zikiwa bado zinapapatika.

Lakini mtambo ulikuwa mdogo, kwa hivyo walikubaliana kila nyumba iwashe balbu na redio, basi. Sasa, nyumba iliyokuwa karibu zaidi na mtambo ni ya Baba Ayub, karani wa ofisi mjini Kakamega, mtu wa suruali zenye mstari wa kukata nyama. Akanunua pasi ya stima. Kila jioni alipoichomeka, sisi wa upande wa chini tuliona taa zetu zikiwa nyekundu kama kaa la moto, kisha giza. Senge akamwendea.

"Mtaro nilichimba kama nyinyi," Baba Ayub akamjibu. "Na kazini siwezi enda kama mtu aliyelaliwa na ng'ombe."

Watu wa chini wakakasirika, wakaapa hawatausafisha mtaro tena. Na mtaro ukijaa matope, stima ya wote ingekufa. Baba alikuwa ameshaanza kuipangusa koroboi yetu kuukuu.

Senge hakugombana na mtu. Jioni iliyofuata alitukusanya watoto wote wa upande wa chini, vitabu kwapani, akatupeleka mpaka sebuleni kwa Baba Ayub.

"Mwangaza uko hapa kwako," akamwambia kwa upole. "Hawa nao wasomee wapi?"

Tukajaa kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, tukajaa sakafuni hadi mlangoni. Baba Ayub alisimama ameshika suruali yake, hana pa kuitandika, maana meza nzima ilikuwa hesabu zetu.

Siku hiyo alinuna. Kesho yake aliona nimekosea kugawanya, akashindwa kuvumilia, akaichukua kalamu. Baada ya hapo akawa anatungoja. Mama Ayub alituchemshia viazi vitamu, naye mzee akitukaripia kwa mwandiko mbaya utadhani sisi ni makarani wenzake. Suruali akazipiga pasi asubuhi kukishapambazuka, taa zikiwa zimezimwa. Watu wa chini wakarudi mtaroni na majembe yao.

Taa zikapona, nasi tukabaki makwetu. Muda si muda Mama Ayub akaja kwa Senge. "Mzee anauliza, watoto walikosewa nini?" Tukarudi.

Desemba iliyopita nilienda nyumbani. Senge alishatuacha. Laini kubwa ya stima imefika, na kila boma lina mita yake, televisheni yake na geti lake. Madirisha yanang'aa bonde zima, lakini husikii mtoto wa jirani akicheka nyumbani kwa mtu. Niliwapeleka wanangu wamsalimu Baba Ayub, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo. Akawauliza wako darasa gani. Wakajibu macho yakiwa kwenye simu, na mdogo akataka kujua kama kuna waifai. Nikaona haya, nikaanza kuwakemea.

Mzee akanizuia kwa mkono, akajisogeza kwenye kochi kuwapa nafasi.

"Waache," akasema. "Hata na hizo simu zao, wawe wanakujanga tu."