Kadi Mbili, Mkono Mmoja

Naanza na hili ili tusije tukagombana huko mbele: kaka yangu hakuwa mvivu. Najua kuna karatasi mahali fulani inasema alikuwa mtu wa kuja na kuondoka, leo yupo kesho hayupo. Na iseme inavyotaka. Miaka yote aliyofanya kazi kwenye kile kiwanda cha mabeseni, mimi nilikuwa nje ya lango nauza chai. Kila asubuhi nilimwona akiingia, na kila jioni nilimwona akitoka amejaa vumbi la plastiki la rangi ya siku hiyo. Siku ya mabeseni mekundu alitoka mwekundu, siku ya kijani alitoka kijani mpaka kope. Binti yake mdogo alikuwa akikimbilia mlangoni kuona leo baba kaja na rangi gani.

Walimwita Bosi. Vibarua wa pale hawakuwa wa kiwanda, la hasha, walikuwa wa wakala, bwana mmoja mwenye shati safi aliyewapeleka watu kiwandani na kuwalipa kwa siku. Kaka alipoanza, wakala aliwapanga ukutani akawaambia, "Hapa hakuna mwajiriwa. Kila mmoja wenu ni mkandarasi, anajitegemea. Wewe ndiye bosi wako mwenyewe." Kaka akanyoosha mkono. "Kama mimi ndiye bosi, basi naomba leo nijiruhusu kutoka mapema." Watu walicheka hadi mlinzi akafungua lango kuchungulia kuna nini. Hata wakala alicheka. Hakutoka mapema, lakini jina lilimganda.

Bosi gani huyo, jamani? Bosi wa kuomba ruhusa ya kwenda chooni! Mashine ni ya kiwanda, ovaroli ya kiwanda, saa wanapanga wao, na akichelewa msimamizi anamrudisha nyumbani. Akiugua, siku hiyo halipwi. Likizo akaisikie kwa watu. Lakini kodi, ahaa, kodi ilikuwepo. Ilikatwa kabla pesa haijafika mkononi, kwa sababu mkandarasi, waliambiwa, ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hulipa kodi. Kwenye kukatwa alikuwa mtu mkubwa, kwenye kupewa akawa hajulikani.

Halafu kulikuwa na mambo ya kadi kulala. Kila baada ya miezi michache kibarua alifika langoni, akapitisha kadi yake kwenye kile kimashine, taa ikawaka nyekundu. Mlinzi anamwambia, "Imelala hiyo, ndugu. Jaribu mwezi ujao." Basi, anageuza. Hakuna aliyewaeleza kwa nini, nao hawakuuliza, maana anayeuliza sana kadi yake hulala usingizi wa milele. Sababu nilikuja kuijua mimi baadaye, tena kwa machozi. Mtu akifanya kazi mfululizo bila kukatizwa, sheria inaanza kumtambua kama mwajiriwa wa kudumu, hata kama mkataba unamwita kibarua, mkandarasi au malaika. Anadai likizo, na akiachishwa anadai kiinua mgongo. Kwa hiyo wakala alikuwa anazikata siku za watu kabla hazijawa ndefu.

Vibarua nao walikuwa na dawa yao. Kila mwenye akili alikuwa na kadi ya pili. Unamtafuta shemeji au binamu, anajiandikisha kwa wakala na kitambulisho chake, anafanya kazi siku chache, kisha anakuachia kadi. Yako ikilala, unaamsha ya mwenzako. Kaka alikuwa na kadi ya mdogo wetu wa mwisho, Kinyozi. Huyu alikaa kiwandani wiki moja tu, akasema vumbi lile litamzika, akarudi kwenye mikasi yake. "Chukua, kaka," alimwambia, "mimi sina kazi nayo." Na kwa sura wale wawili ni shilingi kwa ya pili, hiyo picha ya kwenye kadi nani angeitazama mara mbili?

Wala haikuwa siri. Mlinzi alijua. Msimamizi alijua, na kila asubuhi alikuwa akimtania, "Leo wewe nani?" Kaka anajibu, "Leo mimi ni mdogo wangu." Sisi tukajiona wajanja kupindukia. Tulikaa nyumbani kwa kaka, mimi, wifi yangu na Kinyozi, tukipongezana kwamba wakala tumemweza. Kumbe mjinga ndiye aliwaye. Kila siku aliyofanya kwa kadi ya mdogo wake, kaka yangu alikuwa anajifuta mwenyewe, na wakala anatazama tu.

Kuna kichekesho kimoja, nacho nitakisema, maana hata msibani watu hucheka. Kinyozi alitaka kufungua duka lake mwenyewe, akaenda ofisi ya kodi kuomba cheti cha kwamba hadaiwi. Alikwenda anatetemeka, hajawahi kulipa hata senti. Karani akabonyeza kompyuta yake, akatabasamu, akasimama kumpa mkono. "Hongera. Watu kama wewe ni wachache." Kodi yote iliyokatwa kwenye ile kadi ilikuwa imeandikwa kwa jina lake! Akapewa cheti, akakipeleka benki, benki nao wakaona huyu ni mtu mwenye kipato cha miaka, wakamkopesha. Akanunua viti vya kuzunguka na vioo vikubwa, na cheti akakitia fremu akakitundika. Siku ile wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kaka akasema, "Basi kuanzia leo uninyoe bure." Kinyozi akamshika bega. "Bure mpaka kaburini, kaka."

Ajali ilitokea siku ya mabeseni ya bluu. Kaka alikuwa kwenye kinu cha kusagia mabeseni yaliyopasuka, ili plastiki iyeyushwe upya. Kinu kile kilikuwa na tabia ya kukwama. Ili kukizima ni lazima umwite msimamizi aje na ufunguo wake, na msimamizi akija anaandika muda uliopotea, nao unakatwa kwenye siku yako. Kwa hiyo hakuna aliyemwita. Walisukuma kwa fimbo, na fimbo ikiwa fupi walisukuma kwa mkono. Mimi pale nje nilisikia sauti ya kinu ikibadilika, nikajua tu kuna jambo, ila sikujua ni la nani. Kisha lango likafunguka wakamtoa amefungwa shati la mtu mkononi. Msimamizi alikuja nyuma mbio, na neno lake la kwanza kwa mlinzi, wallahi nililisikia kwa masikio yangu, lilikuwa, "Kaingia na kadi gani huyu leo?"

Alikuwa ameingia na ya Kinyozi.

Vidole vinne vya mkono wa kulia vilikwenda, kikabaki kidole gumba peke yake. Hospitali walimwandikisha kwa jina lake la kuzaliwa, na kiwanda kiliandika jina la kwenye kadi. Wakala hakuja kumpa pole. Alituma ujumbe kwamba kwa kumbukumbu zake, kadi ya kaka imelala tangu mwezi uliopita, na mtu aliyelala hawezi kuumia kazini.

Nilikwenda ofisi ya kazi nikiwa nimefura. Nilimkuta afisa mmoja, mama wa makamo mwenye miwani, akaniacha nimalize hasira zangu zote, ndipo akaniambia, "Kaa, mama. Hilo neno mkandarasi lisikutishe. Sisi tunatazama nani anampangia saa, mashine ni za nani, na nani anaweza kumfukuza. Kaka yako ni mwajiriwa. Kulipwa kwa siku hakumwondolei haki. Kwa mkono wa kulia, anastahili fidia ya kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yake."

Nilitaka kumkumbatia. Kumbe haki ipo, ina ofisi na kiti na mama mwenye miwani! Halafu akauliza habari ya kadi. Nilipomweleza, akagonga meza kwa kalamu.

"Mlete mdogo wenu," akasema. "Aseme mbele yangu kwamba hakuwa anafanya kazi pale, aliyekuwa anafanya ni kaka yake. Vibarua wenzake wataogopa kusema, siwalaumu. Lakini bila mdogo wenu, mimi hapa nina mtu mwenye jeraha asiye na ajali, na ajali isiyo na mtu."

Nikaenda dukani kwa Kinyozi mguu mosi, mguu pili. Nilisubiri mteja aondoke, nikamwambia yote. Alichukua ufagio akaanza kufagia nywele, anafagia palepale alipokwisha fagia.

"Dada, benki walinikopesha kwa sababu ya kazi ile. Nikisema sikuifanya, nimewadanganya benki. Watachukua duka. Wanaweza hata kunifunga."

"Na kaka yako je? Ale nini?"

"Nina watoto, dada."

"Na yeye kazaa mbuzi?"

Nilimtukana. Matusi yale siyarudii hapa, kuna mengine ni ya mama yetu mwenyewe. Mwishowe akasema, "Haya, nitakuja," akaweka ufagio chini. Nikampelekea kaka habari. Kaka alikuwa amekaa kitandani, wifi anamlisha. "Atakuja," akasema. "Yule nilimbeba mgongoni hajajua kutembea. Atakuja tu."

Na kweli alikuja. Chumba chenyewe kidogo, meza moja, feni haizunguki. Wakala yupo na shati lake safi. Kaka ameuweka mkono wake uliofungwa juu ya goti kama mtoto wa watu aliyeachiwa amlee. Kinyozi aliingia na koti, akakaa mbali nasi. Afisa akamsomea jina lake, akamuuliza kwa upole kabisa, "Kwa kadi hii, aliyekuwa anafanya kazi kiwandani ni nani?"

Kinyozi alitazama ukuta. "Ni mimi."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na siku ya ajali?"

"Nilikuwepo."

"Uliumia?"

Akaweka mikono yake miwili juu ya meza, vidole kumi vyote, visafi, vinanukia mafuta ya nywele. "Hapana," akasema. Sauti haikutoka vizuri, ikabidi aseme tena.

Wakala akakohoa kistaarabu. "Nadhani tumesikia. Asiyekuwapo na lake halipo."

Moyo wangu uliwaka moto. Nilisimama nikarudishwa kitini. Yule afisa akavua miwani akamgeukia kaka. "Mzee, mimi naamini ninachokiona. Ukisema huyu amesema uongo, naandika, napeleka polisi, nao watawahoji vibarua mmoja mmoja. Itachukua muda, lakini ukweli utatoka. Ila ujue, kusema uongo hapa ni kosa, na lile la benki nalo litafuata. Huyu atakwenda jela. Unasemaje?"

Kaka alimtazama mdogo wetu. Kinyozi bado anatazama ukuta, machozi yanamtiririka mpaka kwenye kola ya koti, lakini mdomo ameufunga. Nilimwambia kaka kwa macho: sema. Wifi alimshika goti. Sema, baba.

"Andika alivyosema," kaka akasema.

Tulipotoka nilimfokea barabarani mbele za watu. Nilimuuliza kama amerogwa. Akanijibu bila kusimama, "Nikimfunga, vidole vitaota?" Nikamuuliza watoto wake watakula nini. Akaongeza mwendo, tukatembea mpaka nyumbani.

Sasa hivi anakaa na mimi kwenye meza yangu ya chai pale langoni. Anaosha vikombe kwa mkono wa kushoto na kuvivunja, nami namwambia vunja tu, vilikuwa vibaya. Wifi anafua nguo za watu. Binti yake aliacha kukimbilia mlangoni, kwani baba siku hizi anarudi na rangi ileile. Vibarua bado wanamwita Bosi, na wengine bado wana kadi mbili mfukoni. Nawaambia. Nawaambia kila siku, mpaka chai yangu imekuwa chungu kwao: kadi ikilala, lala nayo, nenda ofisi ya kazi ukadai, usiingie kwa jina la mtu. Wananisikiliza kwa adabu, wanalipa, wanaingia kazini. Wangefanya nini? Kesho lazima wale.

Ndevu hawezi kujinyoa mwenyewe kwa mkono wa kushoto, anajikata. Kwa muda mrefu alikaa nazo, akawa kama mfungwa. Jumamosi moja akaniambia, "Nisindikize," tukaenda zetu mpaka dukani kwa Kinyozi. Hatukuwa tumeonana naye tangu siku ile. Alituona kwenye kioo akaacha mashine inanguruma mkononi. Akamwondoa mteja kitini, kaka akakaa, chini ya kile cheti cha fremu.

"Nikunyoe vipi, kaka?"

"Kama kawaida."

Akamnyoa. Alimnyoa taratibu sana, anamshika kidevu kama anashika yai. Alipomaliza akampaka mafuta, akampangusa shingo, akakung'uta kitambaa. Kaka akainuka. Akaingiza mkono wa kushoto kwenye mfuko wa kulia, kwa taabu, hadi nikataka kumsaidia akanikatalia kwa jicho. Akatoa pesa akaziweka mbele ya kioo.

Kinyozi akazisukuma zirudi. "Kaka, si tulikubaliana? Bure mpaka kaburini."

"Nilikubaliana na kinyozi," kaka akasema. "Wewe miaka yote ile ulikuwa kiwandani."

Akatoka. Nilipogeuka mlangoni, Kinyozi alikuwa bado amesimama na kitambaa mkononi, na mteja aliyekuwa akisubiri anamuuliza kama anaweza kukaa.